Mrejesho: laptop moja, watoto 87 wa darasa la tatu

Wakuu habari zenu, mimi ndo yule mwalimu niliyeuliza mwezi uliopita nitafundishaje hesabu kwa laptop moja na projekta ya kuazima wakati shule haina intaneti. Asanteni sana aisee. Nilifata ushauri wa kuweka Kolibri (programu ya masomo inayotumika bila intaneti) kwenye laptop, nikaenda mjini nikapakua masomo kwa waifai ya rafiki yangu nikarudi nayo shule, inafanya kazi bila bando kabisa. Makundi ya watoto sita sita nayo yamekubali, kundi moja linakuja mbele kujibu maswali ya sehemu, wengine wanachora maduara kwenye daftari wanayagawa vipande, kelele zipo ila ni kelele za hesabu 😂

Kilichogoma ni lile wazo la watoto kutumia simu za wazazi darasani, zilikuja nne tu na moja kioo kimepasuka, nikaachana nalo. Na umeme ukikatika projekta ndo basi tena, siku hiyo narudi kwenye vizibo vya soda na chaki. Video zingine nilizopakua ni za Kiingereza so natafsiri mwenyewe hapo hapo. Uliyesema nizibe madirisha kwa kanga, mkuu, sasa picha inaonekana mpaka dawati la nyuma.