Naomba ushauri: oksimita imegoma kuingia kwenye mashine ya CPAP ya mzee

Binti Loleza
Wakuu, habari za jioni. Baba yangu ana miaka 67, tupo Mbeya. Kukoroma kwake kulikuwa kunasikika mpaka kwa jirani, tukawa tunamtania kwamba lori linapanda Mlima Nyoka. Kilichokuja kutushtua ni ukimya. Anakoroma, ananyamaza ghafla, unahesabu mpaka ishirini na ushee, ndipo anakurupuka kama mtu aliyetolewa majini. Alipimwa Dar, akaambiwa pumzi inakatika mara 38 kwa saa.

Kaka yetu aliyeko Minnesota, Marekani, alitutumia mashine ya CPAP iliyotumika, ile inayosukuma hewa kooni usiku kupitia barakoa. Ni ResMed AirSense 10, na barakoa yake mpya. Mzee anailalia mwezi wa pili sasa, na kanisani hasinzii tena. Ila daktari anataka kujua oksijeni inashuka kiasi gani usiku akiwa ameivaa mashine.

Nikanunua oksimita, yaani kipimo cha oksijeni ya damu, inayovaliwa mkononi kama saa, ina kipira cha kidoleni na waya wa USB. Muuzaji aliniapia kwamba inachomekwa kwenye mashine yoyote ile. Nimeizunguka mashine na tochi, tundu la USB sijaliona. Ubavuni kuna vifuniko viwili: kimoja cha memori kadi, kingine nimekifungua nikakuta kasoketi ambako hakafanani na waya wowote humu ndani. Kuna waya wa kuunganishia? Au ndiyo nimepigwa?

FundiRedio
Kifaa chako ni kizima, dada, maneno ya muuzaji ndiyo mabovu. Hako kasoketi kweli kanaweza kupokea vipimo vya oksijeni, lakini siyo kwa USB. Kanataka moduli (kifaa cha kuunganishia) ya ResMed wenyewe, na hiyo moduli nayo inataka kichwa cha kupimia cha kampuni ya Nonin kinachoitwa Xpod. Ukiwa navyo vyote, oksijeni na mapigo ya moyo vinaandikwa kwenye memori kadi ileile ya mashine. Kazi safi, ila andaa mfuko. Na tafadhali asitokee shemeji wa kukata waya na kuunga kwa gundi, mtaua mashine.

Mimi napenda njia ya pili: usiviunganishe kabisa. Oksimita ijirekodie kivyake, mashine ijiandikie kivyake, asubuhi vikutane kwenye laptopu. Kuna programu ya bure inaitwa OSCAR, inasoma kadi ya mashine na inasoma oksimita kadhaa. Yako imeandikwaje?

Binti Loleza
Imeandikwa CMS50F.

FundiRedio
Basi umelenga bila kujua. Hiyo inasomeka. Angalizo moja la kadi: kabla hujaichomeka kwenye laptopu, sogeza kile kiswichi cha pembeni iwe imefungwa, maana kompyuta nyingine zinapenda kuandika mafaili yao humo na mashine ikichanganyikiwa inaanza kudai kadi ina hitilafu. Ukimaliza fungua ndipo uirudishe. Ukisahau kufungua, mashine inakwambia kwenye kioo kwamba haiwezi kuandika. Na asilale bila kadi hata usiku mmoja unaoutaka: bila kadi inabaki na muhtasari tu, ile michoro ya pumzi moja moja huipati.

Mzee wa Pangani
Mnajisumbua na makompyuta. Kama oksijeni inashuka si mumnunulie mtungi wa oksijeni aweke kitandani? Yaishe.

Nesi Mstaafu
Mzee mwenzangu, hapana. Koo likiwa limeziba, hiyo oksijeni itapitia wapi? Kazi ya CPAP ni kusukuma hewa ili njia isifunge. Mtungi bila kufungua njia unaweza kuifanya namba ya kidoleni ipendeze huku pumzi ikiendelea kukatika, tena ikakatika kwa muda mrefu zaidi. Hilo ni la daktari, siyo la humu.

Binti Loleza, kabla hujaziamini namba:

Mbeya mpo mita kama 1,700 juu ya bahari. Dar mtu mzima mwenye afya oksijeni yake ipo asilimia 96 mpaka 99. Kwenu 94 si jambo la kukimbilia hospitali. Kwa hiyo mpime kwanza akiwa macho, amekaa ametulia, uandike namba yake ya kawaida. Usiku ulinganishe na hiyo.

Pili baridi. Kidole kikiwa cha baridi damu inapita kidogo, kipimo kinaanza kuokota okota namba. Mkono uwe ndani ya blanketi. Kina mama wa Pwani wanaosoma hapa, rangi ya kucha na piko jeusi pia vinakichezea akili, acheni kidole kimoja cheupe.

Tatu, hili haliwekwi kwenye boksi. Mwaka 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha utafiti kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hiki kilishindwa kuonyesha upungufu wa oksijeni karibu mara 3 zaidi ya ilivyokuwa kwa wazungu. Kinapitisha mwanga kwenye kidole, na rangi ya ngozi nayo inaumeza huo mwanga. Kwa hiyo angalia jinsi mstari unavyopanda na kushuka, usiing'ang'anie namba moja. Na ikisema 90, usijifariji kwamba labda ni 93. Huenda ni chini ya hapo.

Binti Loleza
Asante sana mama, shikamoo. Nimeandika: akiwa macho ni 94.

Sasa jamani, nimekwama pengine. Usiku wa kwanza tumerekodi, OSCAR imesoma vyote viwili, lakini pumzi imetokea siku moja na oksijeni siku nyingine! Mzee alilala saa nne usiku. Mashine inasema alianza 14:05. Oksimita inasema 4:05. Nimeangalia mpaka macho yanauma.

Mkoromaji Eldoret
😂😂 Pole dada, nimecheka mpaka mke wangu ameamka. Mashine yenu bado iko Minnesota. Kwenu ikiwa saa nne usiku, kule ni saa nane mchana msimu huu. Hiyo haina neno. Lakini oksimita nani aliiweka saa?

Binti Loleza
Mdogo wangu. Nilimwambia weka saa nne.

Mkoromaji Eldoret
Naye akaweka 4. Si makosa yake, ni Mswahili safi. Mchina aliyeitengeneza anahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa nne yenu ni 22. Kwake 4:05 ni saa kumi alfajiri, na OSCAR inakata siku saa sita adhuhuri, ndiyo maana oksijeni ikahesabiwa ni ya usiku uliotangulia.

Usifute hiyo rekodi. Iingize tena, na kwenye hatua ya kuuliza muda chagua kwamba oksimita ilianza pamoja na mashine. Itaibandika juu ya pumzi za usiku huohuo. Kuanzia leo anzisheni vyote kwa pamoja: barakoa usoni, mashine inawaka, oksimita inaanza kurekodi, moja kwa moja. Mimi ilinitesa mwezi mzima kwa dakika tatu tu za tofauti. Oksijeni ilikuwa inashuka kabla pumzi haijakatika, nikadhani nina ugonjwa mpya.

Saa za Minnesota ziache. Wewe ongeza nane kichwani.

Binti Loleza
Mrejesho, usiku wa tatu.

Tangu anaanza kulala mstari umetulia, 92, 93, 94. Halafu ikifika 19:10 ya mashine, yaani saa tisa na dakika kumi usiku, mchoro wa pumzi unakatika kabisa, hakuna kitu, na oksijeni inaanza kupanda na kushuka kama meno ya msumeno mpaka asubuhi. Jino refu kuliko yote limefika 81. Nimerudi kuangalia usiku wa kwanza na wa pili, ni hivyohivyo, saa tofauti kidogo.

Nikamuuliza mzee. Akasema amevaa mpaka kumekucha. Nikamwonyesha mchoro. Ameutazama muda mrefu, akauliza, "Hiyo misumeno ndiyo mimi?" Ndipo akakiri: akiamka kwenda chooni anavua barakoa, akirudi anajilaza "kidogo tu", usingizi unamchukua.

Nesi Mstaafu
Mpelekee daktari hiyo michoro kama ilivyo, mikusanyike ya wiki. Presha ya mashine msiiguse.

Binti Loleza
Namwona Jumatatu. Ila hili la chooni nitalifanyaje? Anasema kuifunga upya gizani ile mikanda inamchosha.

Mkoromaji Eldoret
Asivue barakoa. Angalia pale bomba linapokutana na barakoa, nyingi zina vibonyezo viwili pembeni. Abonyeze, bomba libaki kitandani, yeye aende na barakoa usoni. Akirudi, tap, anachomeka. Mfanyishe mazoezi mchana mara tano sita, taa ikiwa imezimwa. Mimi nilianza hivyohivyo, watoto wangu walinikimbia kwenye korido siku ya kwanza.