Mrejesho: Kubadilisha gari kutoka Ntinda hadi Makindye

Ndugu mlionijibu, niliuliza kama Kampala ingefaidika kwa kupanga upya njia za mabasi, kama Houston, Marekani, ilivyofanya Agosti 2015 ilipoongeza njia zenye mabasi ya mara kwa mara, hata wikendi, ingawa baadhi ya abiria walilazimika kubadilisha basi. Mlisema kubadilisha si tatizo iwapo gari la pili halichelewi. Nakubali, ila nikienda Makindye kutoka Ntinda tayari nabadilisha teksi (yaani basi dogo) mjini, nalipa nauli mara mbili, na kila teksi ya abiria 14 husubiri ijae kwanza (mvua ikinyesha, nauli nayo hupanda). Kwangu, tiketi moja na ratiba inayoheshimiwa vitangulie ramani mpya.