Binti yangu amepima maji yakichemka kwa nyuzi 94 hapa Mbeya, akakoseshwa: naomba ushauri

Mzazi wa Uyole

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimekuja kwenu na jambo ambalo huenda likaonekana dogo, lakini limemnyima binti yangu raha kwa siku tatu sasa, na mimi niliyeachana na kemia miaka mingi iliyopita nimeshindwa kumpa jibu la kumtuliza.

Binti yuko kidato cha kwanza katika shule moja hapa jijini Mbeya. Wiki iliyopita walikuwa na jaribio la vitendo kuhusu maada na hali zake, ambapo kila kundi lilitakiwa kupasha maji moto, kusoma kipimajoto kila baada ya dakika moja, kisha kuchora grafu na kuandika joto ambalo maji yalichemkia. Anasema maji yalipoanza kutokota sawasawa, kipimajoto kilisimama kwenye nyuzi 94 na hakikupanda tena hata walipoongeza moto, naye akaandika 94. Karatasi imerudi na alama ya kosa, na pembeni imeandikwa 100. Wenzake kadhaa ambao kipimajoto chao kilisoma vilevile waliandika 100 kwa sababu ndivyo walivyokariri, nao wamepata. Jana usiku ameniuliza, "Baba, siku nyingine niandike nilichokiona au kilichomo kitabuni?" Nilikosa la kumjibu.

Lipo na kosa la pili. Waliulizwa sukari hupatwa na nini inapokorogwa ndani ya maji ya moto, akajibu kwamba inayeyuka kama barafu inavyoyeyuka. Hilo nalo amekoseshwa, na analalamika kwamba hapa nyumbani sote husema sukari imeyeyuka kwenye chai.

Naomba mnisaidie kujua ni nani aliye sahihi, na kama nikienda shuleni nizungumze vipi bila kumvunjia mwalimu heshima, maana ni mtu anayejituma na anafundisha mikondo mingi peke yake.

Mkazi wa Soweto, Mbeya

Pole sana, ndugu. Kwa maoni yangu tatizo ni maji yenyewe. Bila shaka walitumia maji ya bomba, ambayo yana chumvichumvi na vitu vingine, na si maji safi yanayotumika maabara. Maji yasiyo safi huchemka mapema, ndiyo maana hayakufika 100. Mwalimu yuko sahihi.

Mwalimu wa Kemia, Iringa

Mleta uzi, kabla ya yote mfikishie binti yako pongezi zangu, kwa sababu amefanya kile ambacho mimi huwasihi wanafunzi wangu wakifanye mwaka mzima.

Ndugu yangu wa Soweto naomba nimsahihishe kwa heshima. Chumvi ikiingia kwenye maji hupandisha joto la kuchemka, haishushi, na tena hupandisha kidogo sana: inahitajika takriban gramu 58 za chumvi ya mezani ndani ya kilo moja ya maji ili joto hilo lipande kwa nyuzi moja tu. Maji ya bomba yenye chumvi kiasi hicho yasingenyweka. Kwa hiyo uchafu wa aina hiyo hauwezi kueleza nyuzi sita zilizopungua.

Kinachoeleza ni mwinuko wa Mbeya. Ndani ya maji molekuli ziko katika mwendo muda wote, na zile zenye kasi kubwa zilizo karibu na uso huponyoka na kuwa mvuke hata maji yakiwa ya baridi. Huko ndiko kuvukiza, na ndiyo sababu nguo hukauka kambani bila kuchemshwa. Kuchemka ni jambo jingine. Maji huchemka pale msukumo wa mvuke wake unapolingana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake, kiasi kwamba mapovu ya mvuke yanaweza kujitengeneza ndani kabisa ya sufuria bila kubanwa na kupotea. Hewa ina uzito, na inatukalia sote mabegani. Anayeishi pwani amebeba hewa yote kuanzia usawa wa bahari hadi juu, ilhali anayeishi Mbeya, kwenye mita zipatazo 1,700, ameacha sehemu kubwa ya mzigo huo chini yake. Pwani mgandamizo ni wastani wa kilopaskali 101.3, na Mbeya ni kama 82 au 83. Mzigo ukiwa mwepesi, maji hayahitaji joto kubwa ili kuushinda, na kwa mgandamizo huo huchemka kwenye nyuzi 94 na pointi kidogo. Kipimajoto cha binti yako kimesema kweli.

Nyuzi 100 si uongo, ila zina sharti ambalo mara nyingi tunalisahau tunapoandika ubaoni, nalo ni mgandamizo wa kawaida wa usawa wa bahari. Anders Celsius mwenyewe, Mswidi aliyependekeza kipimo hiki mwaka 1742, alijua kwamba joto la kuchemka hupanda na kushuka pamoja na mgandamizo wa hewa. Kwa makadirio ya haraka, kila unapopanda mita 300, toa nyuzi moja. Hapa Iringa mjini, kwenye mita 1,600 hivi, ninapata kati ya 94 na 95, na ukipanda Kitulo, kwenye mita zipatazo 2,600, utakuta 91.

Ila nina swali. Je, karatasi iliuliza joto la kuchemka la maji kwa mgandamizo wa kawaida, au iliuliza joto walilolisoma? Jibu linategemea hapo.

Mama wa Mwanjelwa

Shikamoo mwalimu. Umenifungulia jambo nililoliona kwa macho yangu miaka kumi na minne bila kujua sababu yake. Mimi nimelelewa Kyela, nikaolewa huku Mbeya, na mwaka wa kwanza nilidhani maharage ya huku ni mabovu, kwa sababu yaleyale niliyozoea kuyapika kwa muda fulani nyumbani, huku yalikuwa yanatokota na kutokota bila kulainika. Nilikuwa nikiongeza mkaa hadi sufuria linatikisika, na bado hayaivi. Wakwe zangu wakanifundisha kuyaloweka usiku kucha na kutia magadi kidogo, na baadaye nikanunua presha kuka. Sasa naomba kueleweshwa: kama maji yanachemka, kwa nini kuongeza moto hakusaidii?

Mwalimu wa Kemia, Iringa

Marahaba, mama. Swali lako ndilo hasa lililo kwenye grafu ya yule binti, pale mstari ulipolala.

Maji yakishafika joto lake la kuchemka, moto wote unaoongeza hautumiki kuyapandisha joto, bali hutumika kuzitenganisha molekuli ili kimiminika kiwe gesi. Kazi hiyo hula joto jingi mno. Kilo moja ya maji ya nyuzi 20 huhitaji kilojuli kama 310 kufika nyuzi 94, lakini kuyageuza yote kuwa mvuke kunahitaji zaidi ya kilojuli 2,200, yaani mara saba ya kiasi cha kwanza. Kwa hiyo maharage yako yalikuwa yanapikwa kwa nyuzi 94 ileile, uwe umetia mkaa kidogo au umejaza jiko. Ulichoongeza kilikuwa ni mvuke tu, na gharama ya mkaa. Yakishaanza kutokota, punguza moto na funika. Presha kuka husaidia kwa sababu huuzuia mvuke usitoke na hivyo kuurudishia ule mzigo ambao mwinuko umeuondoa, hata kuuzidisha, na maji ndani yake hufika kati ya nyuzi 115 na 120 kabla ya kuchemka. Magadi hufanya kazi kwa njia tofauti, kwa kulegeza kile kinachoshikanisha chembe za ganda la haragwe.

Jiko lako hilo, mama, linatosha kufundishia mada nzima. Maji yanayogeuka mvuke yamebadilika hali tu. Ukiweka mfuniko wa baridi juu yake, matone yanarudi, na ni maji yaleyale. Wanafunzi wengi huniandikia kwamba mapovu ya maji yanayochemka ni haidrojeni na oksijeni, na sivyo, ni maji katika hali ya gesi. Mkaa ulio chini umeungana na oksijeni ya hewani ukawa kaboni dayoksaidi na majivu, na hakuna namna ya kuurudisha kuwa mkaa. Hayo ni mabadiliko ya kikemikali. Haragwe lililoiva nalo halirudi kuwa bichi.

Mzazi wa Uyole

Ahsante sana, mwalimu, na mama pia. Nimeitazama karatasi tena. Swali linasema: andika joto ambalo maji yalichemkia katika jaribio lako. Halikutaja mgandamizo wa kawaida popote. Lakini naogopa jambo moja. Nikifika pale na hoja ya mwinuko, naweza kuambiwa kwamba kipimajoto ni kibovu, na vipimajoto vya shule vimezeeka kweli. Nitajuaje?

Fundi wa Maabara, Mbeya

Ndugu, hofu yako ni ya msingi, na uzuri ni kwamba inaweza kuondolewa kwa gharama ya pakiti moja ya barafu ya dukani. Iponde iwe vipande vidogo, itie kwenye kikombe, mimina maji safi ya baridi kiasi cha kujaza nafasi zilizo kati ya vipande, kisha koroga kwa dakika kadhaa huku kipimajoto kikiwa katikati. Barafu na maji vikiwa pamoja hivyo, joto hubaki kwenye sifuri hadi barafu yote iishe. Hapa mwinuko haukusumbui, kwa sababu mgandamizo wa hewa hubadilisha joto la kuyeyuka kwa barafu kwa kiasi kidogo mno ambacho kipimajoto cha shule hakiwezi kukiona. Kama kitasoma sifuri, au karibu yake, angalau upande wa chini mna uhakika nao. Kisha rudieni kuchemsha kwa kutumia vipimajoto viwili au vitatu tofauti. Si rahisi vyote vikosee kwa nyuzi sita zilezile.

Wakati wa kuchemsha, ncha ya kipimajoto isiguse kitako cha chombo, kwa kuwa pale pana joto zaidi kuliko maji, na msome macho yakiwa sawa na alama. Nimeona wanafunzi wakisoma kwa kuinama na kupoteza nyuzi mbili bure.

Mwalimu wa Kemia, Iringa

Naomba nisilisahau swali la sukari, kwa sababu hapo mwalimu wa binti yuko sahihi, japokuwa lawama si ya mtoto peke yake. Kiswahili chetu cha kila siku kinatumia neno moja, kuyeyuka, kwa mambo mawili ambayo kemia inayatenganisha kabisa. Barafu ikiyeyuka, ni kitu kimoja kimetoka hali ya yabisi kwenda hali ya kimiminika kwa sababu ya joto. Sukari ndani ya chai haijawa kimiminika cha sukari. Molekuli zake zimeachana na kutawanyika katikati ya molekuli za maji, na matokeo yake ni mchanganyiko. Hilo tunaliita kumumunyuka. Sukari ikiyeyuka kweli utaiona kwenye kikaango kikavu, inapogeuka uji wa rangi ya kahawia, na pale inakuwa tayari imeanza kuungua, yaani kubadilika kikemikali.

Mpe binti kazi ya kuthibitisha mwenyewe: akoroge vijiko viwili vya sukari katika maji ya baridi kabisa. Itamumunyuka, ingawa polepole, na hakuna sukari inayoyeyuka kwa maji ya baridi. Mtoto anayefikiri kwa Kiswahili na kuandika mtihani kwa Kiingereza huangukia shimo hili kila mwaka, na mimi sasa huanza mada hii kwa kuyafundisha maneno hayo mawili kwa Kiswahili kwanza.

Mzazi wa Njombe

Kuhusu kwenda shuleni, ndugu yangu, nakushauri usiende siku ya kikao cha wazazi, na usiende na karatasi mkononi kama mtu anayedai deni. Nenda baada ya vipindi, msalimie, mshukuru kwa kuwafanyisha watoto vitendo, kwa kuwa shule nyingi mada hii huisha kwa kunakili ubaoni. Anza na lile la sukari, ukiri kwamba mtoto alikosea na kwamba umejifunza. Kisha muulize, kama mtu anayetaka kujua, iwapo mwinuko wa Mbeya unaweza kubadilisha joto la kuchemka. Mwalimu wa kemia analijua jambo hili. Pengine alisahihisha karatasi nyingi usiku kwa kufuata mwongozo. Mpe nafasi ya kuliona mwenyewe.

Mzazi wa Uyole

Ndugu zangu, narudi na mrejesho. Nilikwenda jana jioni nikafuata ushauri wa mzazi wa Njombe neno kwa neno. Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema alisahihisha kwa kufuata jibu la kitabu na kwamba angependa darasa lirudie jaribio lote. Leo wamerudia, wakaanza na barafu. Kipimajoto kimoja kilisoma nusu nyuzi juu ya sifuri, vingine viwili vilisoma sifuri, na katika kuchemka vyote vitatu vilisimama kati ya 94 na 95. Alama bado hazijabadilishwa, lakini mwalimu amemwambia binti aandike ubaoni mbele ya wenzake neno "usawa wa bahari" pembeni ya ile 100. Suala la sukari amelikubali mwenyewe baada ya kukoroga maji ya baridi hadi mkono ukachoka.

Sasa anataka kujua kama likizo, tukienda kwa bibi yake Kyela, atapata namba nyingine.

Mkulima wa Kakao, Kyela

Nimefuatilia uzi huu tangu mwanzo bila kuandika. Ninacho kipimajoto ninachotumia kuangalia joto la kakao inapochachushwa, na kinafika 110. Nimekipima kwenye barafu kama fundi alivyoelekeza, kikasoma sifuri. Huku kwetu, karibu na Ziwa Nyasa, tuko kwenye mita 500 hivi. Asubuhi hii maji yamechemka kwa nyuzi 98 na kidogo. Mwambie binti aje na daftari lake.