Tupeane uzoefu: mliobadili fani mkiwa Arusha au Moshi, mlivukaje kipindi cha kuomba kazi?

Habari za jioni wadau. Nipo Sakina, Arusha. Kazi yangu ni kupokea oda za safari kwenye kampuni moja ya utalii. Tangu corona ya 2020 iliporudisha watu nyumbani bila mshahara, nimechoka kusubiri mgeni apande ndege Ulaya ndipo mimi nilipe kodi ya nyumba. Nimesoma ugavi jioni, cheti ninacho, sasa naomba kazi za ununuzi na stoo.

Kuandika barua hakunisumbui. Kinachonimaliza ni ukimya. Ukiambiwa hapana, unakasirika, unalala. Usipoambiwa kitu, unaishi na simu mkononi. Mke wangu siku hizi haulizi tena, na hilo ndilo linanitisha zaidi. Wa kuniambia "Mungu yupo", ahsanteni, najua yupo. Leo naomba maelezo.

MAMA WA NJIRO
Mdogo wangu, mimi nilikuwa katibu muhtasi kwenye mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, pale jengo la mikutano la AICC hapa Arusha. Sisi tarehe ya kukosa kazi tuliijua mapema kabisa: mahakama ilifungwa rasmi 31 Desemba 2015. Ungedhani kujua mapema kunasaidia. Kilichotokea ni kwamba ofisi nzima iliomba kazi zilezile kwa wakati mmoja, Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika, kwa sababu ndizo zilizofanana na tulikozoea. Mtu unakunywa naye chai asubuhi, jioni mnagombea kiti kimoja. Tulifika mahali pa kufichana matangazo.

Nilipoanza kuomba kwa waajiri wa kawaida wa hapa mjini, CV yangu iliwatisha. Mkurugenzi mmoja wa shule aliniuliza waziwazi, "Wewe utakaa kwetu, au unapita tu?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Nikakaa na binti yangu tukaiandika upya. Tuliondoa vyeo virefu ambavyo nje ya lile jengo havina maana, tukaweka kazi yenyewe: kutunza majalada ya siri, kuandaa kumbukumbu za vikao kwa lugha mbili, kusimamia ratiba ya watu wakubwa wasioelewana. Mshahara wa zamani sikuutaja mpaka nilipoulizwa. Sasa ni afisa utawala wa shule, mwaka wa nane huu. Mshahara ni mdogo kuliko ule, sitakudanganya, na mwaka wa kwanza nilikuwa naulinganisha kila mwisho wa mwezi.

CHALII WA KWA MROMBO
Kabla watu hawajaendelea: ukipigiwa simu kwamba umepata kazi ila utume pesa ya fomu, ya sare au ya vipimo, kata. Kazi haipo. Nimemaliza.

MWALIMU, PASUA MOSHI
Mimi ni mwalimu wa Jiografia. Enzi za kaka zangu ukimaliza chuo, serikali kupitia TAMISEMI inakupangia shule. Sisi tunafanya usaili kama kada nyingine, kupitia Ajira Portal, mfumo wa serikali wa kuomba kazi mtandaoni. Nilifundisha shule binafsi, mshahara ukawa wa kukumbushana. Nikapanda mlima Kilimanjaro kama mpagazi.

Mnaocheka, chekeni. Nina shahada na nilibeba mzigo wa kilo 20 njia ya Machame, nyuma ya vijana walioishia darasa la saba wanaonizidi kila kitu huko juu. Mwanafunzi wangu wa zamani alinikuta getini akaniamkia "Shikamoo mwalimu" mbele ya kundi zima. Hapo ndipo nilipojua kubadili kazi ni nini. Mwili ulikuwa umeshazoea, jina ndilo lilikuwa bado.

Lakini niliwasikiliza waongozaji. Mgeni anauliza kwa nini barafu inapungua, kwa nini msitu unaisha ghafla, na mwongozaji anazunguka. Mimi hayo ndiyo niliyosomea. Nikasomea uongozaji, nikajifunza na Kijerumani cha kuokoteza. Sasa napanda kama msaidizi. Aprili na Mei, mvua za masika, mlima unakuwa mtupu, kwa hiyo miezi hiyo nafundisha tuisheni. Usaili wa serikali bado naomba, maana matangazo mengi yanaweka kikomo miaka 45 na mimi bado nina nafasi. Sijafunga mlango wowote.

MTOA MADA
Mwalimu, heshima kwako. Hilo la jina limenigusa. Mimi ninaogopa kukutwa nimeshika daftari la stoo na mtu niliyekuwa nampangia safari.

DADA WA KIBORILONI
Nilitoka benki, dirishani, nikaingia mitumba. Si kwamba sikuomba kazi nyingine; niliomba sana, ndiyo maana nikaacha kuomba. Usiku nikishalaza watoto najaza maombi, saa tisa sijapata usingizi, asubuhi nahesabu pesa za watu kwa macho mekundu. Mama mkwe mpaka leo anawaambia watu niko benki. Nimemwachia.

NIMEWAHI KUWA AFISA RASILIMALI WATU (ARUSHA)
Naomba nieleze huo ukimya unavyotokea upande wa pili, maana wengi mnadhani ni koneksheni tu. Koneksheni ipo, sibishi. Lakini tangazo la mtunza stoo mmoja linaleta bahasha na barua pepe kwa mamia, na anayezisoma ni mtu mmoja mwenye kazi nyingine. Barua inayosema "nipo tayari kufanya kazi yoyote" inawekwa pembeni bila chuki, kwa sababu haimsaidii kuamua. Mtoa mada, wewe una kitu: unajua msimu wa utalii. Unajua lini lodge inahitaji mchele na dizeli mara mbili zaidi. Andika hilo mstari wa kwanza, kisha cheti cha ugavi.

Kwa maombi ya Ajira Portal, barua iwe na sahihi yako na vyeti viwe kamili. Hati za matokeo za muda hazipokelewi. Watu wanaachwa kwa vitu hivi kabla hata hawajashindanishwa.

La mwisho: usiache kazi kwa hasira. Fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, halimhusu aliyejiuzulu kwa hiari yake.

MTOA MADA
Mkuu, nimekupata. Swali moja: mdhamini kwenye CV, nimweke bosi wangu wa sasa? Hajui kama natafuta.

AFISA RASILIMALI WATU
Hapana. Weka msimamizi wa zamani au mwalimu wako wa ugavi, na mwombe kwanza. Umwambie pia ni kazi gani unaomba, asije akakusifia kwa safari wakati wewe unataka stoo.

MWALIMU, PASUA MOSHI
Na muulize atakuwa wapi. Mimi wangu ni mwongozaji mkuu. Walimpigia akiwa kambi ya Barafu huko mlimani, hapatikani, wakaniuliza kama namba ni ya kweli.