Kampuni yetu wakulima, bodi ipo kwenye makaratasi tu, na eti MIMI ndo nilitoa hoja ya kununua gari!!

Wakuu habari za mchana, naandika nina hasira mnivumilie mpangilio.

Mi ni mkulima wa zabibu huku Hombolo. Miaka mitano iliyopita tulichanga wakulima tukaanzisha kampuni, BRELA (wale wa kusajili makampuni) tukasajili kabisa, hisa 120 kila moja laki tano, lengo tukamue wenyewe tuuze mchuzi wa zabibu tuachane na madalali. Bodi ya watu saba tukaiweka tukapiga na makofi.

Sasa msimu huu wa mwezi wa 8 matenki mawili yamejaa, la tatu ambalo mkutano mkuu ulishapitisha linunuliwe halipo. Na zabibu si mahindi useme utatia kwenye gunia usubiri bei, ukichuma leo keshokutwa zinatoa maji, mi kreti 40 nimempa dalali kwa bei ya kutupa na jirani yangu zake zimeliwa na nyuki. Tukiuliza hela ya tenki tunajibiwa "bodi iliamua" linunuliwe gari la mkurugenzi. Gari! La kwendea mjini kunywa chai! Na muuzaji ni shemeji yake, wakati sheria inamtaka mkurugenzi mwenye maslahi kwenye dili aseme mbele ya bodi, ila atasemaje kama kikao chenyewe hakikukaa?

Nikaomba mhtasari wa hicho kikao cha bodi. Nimezungushwa wiki tatu, mwisho kuna mtu akanihurumia akanirushia picha. Aisee. Mtoa hoja ya gari ni MIMI. Jina langu kamili, na hilo lenyewe wamekosea herufi. Wakati mi sio hata mjumbe wa bodi!! Tarehe hiyo nilikuwa shambani napiga sulfa toka alfajiri.

Mkutano mkuu wa mwaka haujaitishwa huu mwaka wa pili, Sheria ya Makampuni ya 2002 inasema isipite miezi 15 kati ya mmoja na mwingine. Hesabu kila siku "ziko kwa mkaguzi". Huyo mkaguzi sijui anahesabu mchanga wa Dodoma nzima.

Na msije na ile ya "uza hisa utoke", nani anunue hisa za kampuni ambayo hata mahesabu hayaonekani? Wenzetu wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) angalau wana afisa ushirika wa kumlilia, sisi wa kampuni tunalia na nani.

Nilichoambiwa ni kwamba wanahisa wenye moja ya kumi ya mtaji uliolipwa wanaweza kuilazimisha bodi iitishe mkutano wa dharura, wakikaa siku 21 kimya tunaitisha wenyewe, na huko mkurugenzi anaweza kung'olewa kwa kura za kawaida tu. Kuna aliyewahi kufanya hii kitu? Barua mlipeleka kwa mkono au kwa rejista?

Zinatakiwa hisa 12, nimeshapata saini za hisa 9. Wengine wananiambia "ngoja kwanza tuone". Wa karibu aliyebaki ana hisa tatu kamili na ndo huyohuyo shemeji aliyeuza gari.