Wakuu, PENSELI kwenye bawa la Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita ya Pili ya Dunia. Penseli!

Bawa_la_Kushoto (mleta mada)

Nimetoka hanga sasa hivi, nimekaa ndani ya gari, mikono inatetemeka, sijui ni hasira au ni hii baridi ya huku. Naandika hapahapa kabla sijapoa, maana nikipoa nitamsamehe, na leo sitaki.

Jina sitaji. Mlioko Uingereza wote mnamjua. Hakuna msiba wala harusi ya Waswahili nchi hii ambayo hajashika maiki. Koti lilelile, kofia ileile, na ile penseli ya useremala nyuma ya sikio tangu enzi za Ruksa.

AMEANDIKA KWA PENSELI KWENYE BATI LA BAWA.

Mnaojua kazi yangu ya kujitolea ya Jumamosi mnajua tunafufua bawa la Spitfire. Boriti yake kuu si chuma kimoja: ni mirija ya pembe nne iliyochomekwa mmoja ndani ya mwingine, mitano, na inazidi kupungua kadiri unavyoelekea nchani. Mbele ya boriti linakuja bati nene lililokunjwa, na boriti na bati hilo ndivyo vinavyolizuia bawa lisijipinde. Bati hilo la mbele nimelikunja mara tatu. La kwanza lilipasuka, la pili likakaa kama sinia la ubwabwa, la tatu likakubali. Wiki 11! Mke wangu analijua bati lile kwa jina.

Leo asubuhi liko tupu, safi, halijapigwa praima, linang'aa unaweza kunyolea ndevu. Mzee akaja "kuwasalimia vijana". Simu ikalia. Kamati ya harusi. Akasema ngoja niandike, akatafuta karatasi, hakuna. Akachomoa penseli. AKAILAMBA NCHA. Akaandika kwenye bati langu:

Mchele kg 40
Vitunguu gunia 1
Mbuzi 6

Nimepiga kelele hadi njiwa wa darini wakahama. Yeye akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyeangusha andazi: "Mwanangu, hiyo ni penseli tu. Inafutika."

Inafutika!

Ncha ya penseli si madini ya risasi, ni kaboni. Mnakumbuka lile jiwe la redio, ukilipasua unakuta kijiti cheusi katikati? Kile ni kaboni, na ganda la nje la zinki ndilo linaloliwa mpaka jiwe linavuja na kuharibu redio ya babu. Sasa weka kaboni juu ya aluminiamu, ongeza unyevu, umeshatengeneza betri, na anayeliwa ni aluminiamu. Na unyevu aliuleta mwenyewe kwa ulimi! Tunachorea kalamu za wino kwa sababu hiyo, zimejaa kopo zima, futi mbili kutoka aliposimama.

Halafu eti futa. Bati lile ndani ni aloi ngumu, juu limevishwa aluminiamu safi, utando mwembamba sana, na huo ndio unaolilinda na kutu. Ukisugua mchele na vitunguu unasugua na utando.

Waliounda ndege hii waliwahi kubandika njegere kavu zilizopasuliwa juu ya ribiti bapa za Spitfire, zile pini za kushikia bati, moja moja, ili wajue vichwa vya ribiti vikiwa mviringo vitakula mwendo kiasi gani. Ikapoteza hadi maili 22 kwa saa. Njegere! Ndege iliyohesabiwa kwa njegere, mtu anakuja kuiandikia mbuzi 6.

Saa kumi mkaguzi akafika. Akainama, akavaa miwani, akasoma taratibu, akaniuliza: "Mchele ndiye nani? Ndiye aliyepima hapa?"

Bati limetolewa, limeegeshwa ukutani, linasubiri hukumu. Picha hiyo chini. Naomba mnipe pole, sitaki ushauri.

Popo_wa_Usagara
Siti ya mbele. Nimekuja na karanga.

MamaNtilie_Digital
Kilo 40 kwa watu wangapi?

Bawa_la_Kushoto
Dada, hujaelewa mada.

MamaNtilie_Digital
Nimeelewa vizuri sana. Kilo moja inalisha watu wanane, tisa wakiwa na haya. Kilo 40 ni zaidi ya watu 300. Ukumbi gani huko unaingia watu 300? Hapo mchele unarudi nyumbani kwa mtu.

Fundi_Bati_Tandika
Mleta mada, mimi nimepaua nyumba 60, bati zote nachora kwa penseli na hakuna iliyoanguka kutoka angani.

Bawa_la_Kushoto
Bati za nyumba haziruki, kaka.

Fundi_Bati_Tandika
Hujawahi kukaa Mbeya Agosti.

Kobe_Mwendokasi
Wiki 11 kukunja bati moja? Kwa kasi hiyo vita ingeisha bado unapiga msasa. Wenzako walitengeneza zaidi ya 20,000 na mabomu yakiwaangukia.

Mzalendo_wa_Delta
Watu mnacheka ila mali ya ndege haitaki mzaha. Mwaka 1915 Waingereza walileta ndege za Sopwith za kutua majini kuisaka manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha kwetu Delta ya Rufiji. Joto na unyevu wa pwani vikazimaliza, Mjerumani hajazigusa hata kwa jiwe. Ikabidi watafute ndege nyingine hadi Julai ndipo meli ikaangamizwa. Kwa hiyo unyevu tunauheshimu. Pole kaka.

Bawa_la_Kushoto
Ahsante. Mtu mmoja mwenye akili. ALIILAMBA, mkuu. Bado naiona ile ncha inatoka mdomoni.

Mzalendo_wa_Delta
Ila na wewe mzee kama yule unampigia kelele? Shikamoo ulimpa kwanza?

Shangazi_Leicester
Hapo ndipo na mimi nilipokwama. Mtu mzima anakusalimia kazini kwako, unamfokea mbele ya Wazungu kwa ajili ya bati.

Popo_wa_Usagara
Nimeikuza hiyo picha. Mbona kuna mstari wa nne na umekatwa? Naona herufi zinaanza "Huyu wa..."

Bawa_la_Kushoto
Si muhimu. Ni mahesabu yao.

Mhazini_Msaidizi
Mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili wa simu. Mzee alinisomea orodha yote. Mstari wa nne ni: "Huyu wa bawa bado hajatoa."

Popo_wa_Usagara
😂😂😂 Karanga zimenipalia.

Kobe_Mwendokasi
Kumbe kilichouma si kaboni.

Bawa_la_Kushoto
Mhazini, tulikubaliana mwisho wa mwezi. Hilo na kutu ya aluminiamu wapi na wapi?

Mhazini_Msaidizi
Mwisho wa mwezi upi? Wa ahadi ya send-off au wa ahadi ya kikao cha pili?

Shangazi_Leicester
Mhazini, usijifiche nyuma ya bawa. Mimi nilitoa kamili, mwezi wa pili, risiti ninayo, nikaletewa kadi ya single. Single! Nina mume, mnamjua, alibeba viti vyenu mwaka jana.

Mhazini_Msaidizi
Dada yangu, njoo inbox.

Shangazi_Leicester
Siji. Tuongee hapahapa.

MamaNtilie_Digital
Na mimi narudia: mchele kilo 40, kadi single, sasa nani anakula?

Bawa_la_Kushoto
Jamani, bawa.

Fundi_Bati_Tandika
Wazee wa kamati, mbuzi 6 mmenunua wapi na bei gani? Huku kwetu kamati ilikula wawili kabla ya harusi ikasema wamekimbia.