MREJESHO: Mwanangu mwenye usonji na safari za daladala

Wadau, niliwahi kuuliza hapa: mwanangu ana usonji (autism), tukipanda daladala ya Gongo la Mboto kwenda Kariakoo anaziba masikio na kupiga mayowe, abiria wanamwita mtundu. Asanteni nyote mliojibu, hasa yule mwalimu wa kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu.

Kilichosaidia kuliko vyote ni picha. Nilipiga kwa simu kituo, gari, konda na mlango wa bibi yake, nikazichapisha stationari na kuzitunga kwenye kamba ya kiatu. Tukimaliza hatua moja anageuza picha mwenyewe. Akishajua kinachofuata, hapaniki. Na tunatoka saa nne, watu wa kazini wakiwa wameshapita, siti ya dirishani inapatikana.

Vile vya kuziba masikio wanavyovaa mafundi, nusu nusu. Kelele vinapunguza, ila joto letu hili! Akitoka jasho anavivua na kuvitupa.

Kwa konda ni bahati tu. Kuna anayepunguza muziki ukimwambia "kelele zinamuumiza", na kuna anayekucheka. Abiria mmoja alitaka kumwombea papo hapo, nikamshukuru nikaangalia dirishani.

Mlioshauri nimwachishe sukari apone, samahani, hilo sikulifuata. Usonji ni namna ubongo ulivyokua, hautokani na sukari.

Kinyozi bado kabisa. Akisikia mashine tu, mbio. Kwa sasa namnyoa kwa mkasi akitazama katuni, upande mmoja leo, mwingine kesho. Mwenye mbinu ya hapo aniambie.